Ubavu unauma: hospitali, kliniki au fundi wa mifupa?

Tanboi_Malaba (Jumanne, saa 2:14 usiku)
Wakuu, hodi. Nimeumia ubavu na naona njia ni tatu. Hospitali ya serikali Tororo ni bure ila foleni inakula siku nzima. Kliniki ya binafsi hapa Malaba wana eksirei, lakini watanimaliza mfuko. Halafu kuna mzee anayeunga mifupa, mtaa mzima unamsifu. Au nimeze panadol ninyamaze? Alhamisi tunapakia lori kwenda Elegu, mpakani mwa Sudan Kusini. Nyinyi mngechagua nini?

Mama_Bombo
Mwanangu, foleni umeieleza vizuri, maumivu hujayaeleza. Uliumia lini? Kwa nini? Upande gani? Unakohoa? Pumzi je?

Tanboi_Malaba
Samahani mama. Jumamosi usiku nilikuwa na boda ya shemeji, mbuzi akakatiza, tukaenda chini, usukani ukanipiga ubavuni. Nikicheka naumia, nikipiga chafya naona nyotanyota. Pumzi iko sawa nisipoivuta sana.

SimbaWaBusia
Nenda kwa fundi. 2019 nilivunjika mguu, hospitali wakataka kunitia vyuma. Mzee akanikanda kwa dawa, akafunga kwa vijiti, baada ya miezi mitatu nikarudi uwanjani. Hawa wa koti jeupe wanapenda kisu.

NesiKijijini
Simba, mguu unafungwa ukatulia. Ubavu utauambia utulie vipi na mtu anapumua? Na kuukanda ubavu uliovunjika ni hatari, ncha ya mfupa inaweza kutoboa pafu. Mzee wako abaki na miguu.

SimbaWaBusia
Haya, nesi. Na nyie hospitalini mnaufanyia nini huo ubavu? Mnampa panadol arudi nyumbani! Si afadhali fundi?

NesiKijijini
Kweli, ubavu uliopasuka tu huachwa upone wenyewe, kama wiki sita hivi. Hata eksirei ya kifua mara nyingi haioni ufa mdogo. Tunachotafuta si ufa. Tunatafuta hewa au damu iliyovuja kando ya pafu, na kama viungo vya ndani viko salama.

Dereva_Mstaafu
Msikilizeni nesi. Mimi yalinikuta 2016. Nilikuwa juu ya trela nakaza turubai, nikateleza, nikaangukia ukingo wa bodi. Nikaenda kliniki moja ya barabarani, jina nalihifadhi. Kijana akaniviringisha bendeji pana kifuani kama mtoto anayebebwa mgongoni, akaikaza, akanipiga sindano, akasema nenda salama. Kweli nilipata nafuu, kwa sababu sikuweza kuvuta pumzi ya kutosha kuumia! Siku nane nikaendesha hivyo hivyo, kikohozi nakimeza. Siku ya tisa homa, makohozi ya rangi ya kutu, natetemeka juani. Kichomi, yaani nimonia. Nikalazwa wiki mbili, na mzigo wa watu umekaa mpakani. Daktari alipoiona ile bendeji aliikata kwa mkasi, hata hakunisalimia. Akanifundisha kukumbatia mto ninapokohoa, kuvuta pumzi ndefu mara kumi kila saa, na kulala nimeegemea. Siku hizi mtu akiniambia "funga mbavu" namkimbia.

KaliSana256
Lakini wachezaji wa raga si wanafungwa mbavu?

Dereva_Mstaafu
Wewe umewahi kucheza raga?

KaliSana256
Nimeuliza tu mzee. Mimi huwa nachoma sindano ya diklofenaki, saa moja tu nabeba magunia.

NesiKijijini
Na ukiwa na vidonda vya tumbo, au damu inavuja ndani, hiyo sindano itakuzidishia. Tanboi, usimeze diklofenaki kabla hujapimwa. Panadol ni sawa, usizidishe. Wakikupa tramado, ile dawa kali ya maumivu, usishike usukani, inalevya. Na bado hujajibu swali la mama: upande gani?

Tanboi_Malaba
Kushoto, chini kabisa, mbavu za mwisho. Jambo jingine, sijui kama linahusika: tangu jana bega la kushoto linauma na sikuliangukia. Nikisimama ghafla kichwa kinazunguka. Nadhani ni njaa, sijala vizuri.

NesiKijijini
Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo! Chini ya mbavu hizo za kushoto kuna bandama. Ikipasuka, damu hukusanyika tumboni na maumivu hutokea begani. Yaweza kuvuja polepole kwa siku kadhaa. Na sisi huku malaria inatuachia bandama kubwa, inapasuka upesi. Nenda usiku huu, pahali penye skani ya tumbo na daktari wa upasuaji. Kliniki yenye eksirei peke yake haitoshi. Usile chochote, na usiende kwa boda.

SimbaWaBusia
Nesi unamtisha mtoto. Bega amelilalia vibaya. Na hiyo "bure" ya serikali mimi naijua.

NesiKijijini
Ada za hospitali za serikali hapa Uganda ziliondolewa 2001. Ndiyo, glavu zikiisha utatumwa dukani, sikatai. Lakini mgonjwa wa dharura hangoji foleni ya kadi. Afike aseme: nilianguka, ubavu wa kushoto, bega, kizunguzungu.

Mama_Bombo
Mwanangu, unaye mtu wa kukusindikiza? Shemeji yuko wapi?

Tanboi_Malaba
Shemeji amekasirika, taa ya boda ilivunjika. Na mwenye mbuzi anadai alipwe.

KaliSana256
Akulipe yeye! Mbuzi usiku barabarani anafanya nini?

SimbaWaBusia
Inategemea. Kwetu mbuzi akigongwa, mwenye chombo analipa kisha nyama inagawanywa.

Dereva_Mstaafu
Acheni mbuzi. Tanboi, nina kijana wangu anatoka Malaba na pikapu tupu kuelekea Tororo sasa hivi. Nitumie namba yako faraghani, usiiandike hapa.

Tanboi_Malaba
Asante mzee. Ngoja kwanza nimpigie bosi, Alhamisi ni karibu.

Mama_Bombo
Bosi atakusubiri! Panda gari!

Mama_Bombo (Jumatano, saa 1:05 asubuhi)
Tanboi, ulifika?

KaliSana256 (Jumatano, saa 3:40 asubuhi)
Simba, huyo fundi wako anatibu na magoti? Langu linalia kama mlango.