Naomba ushauri: mpira wa bismathi wa kuzuia eksirei

Ndugu zangu, salaam kutoka Malindi. Dada yangu hupiga picha za eksirei, na aproni yake ya madini ya risasi, inayomkinga na miale hiyo, imeanza kupasuka mikunjoni. Jambo hili linaninyima usingizi.

Najaribu kutengeneza aproni ya mpira wenye unga wa bismathi, metali nzito ambayo sumu yake ni ndogo kuliko ya risasi. Tatizo ni kwamba unga unazama chini kabla utomvu wa mpira haujaganda. Si ajabu: bismathi ni gramu 9.8 kwa sentimita ya ujazo, utomvu haufiki hata 1. Nikizidisha unga, mpira unakakamaa na kukatika.

Je, nitumie mpira mkavu, niukande na unga kwa rola kabla ya kutia salfa ya kuukaza? Na nani hapa Pwani anaweza kuupima kama unazuia miale sawa na risasi yenye unene wa milimita 0.5? Bila kipimo hicho, dada hauvai.