Filamu za katuni za vikundi vya wanafunzi zinakufa kwa sababu waongozaji hawafungi animatiki

Mleta uzi

Wakuu, hili jambo limenifika kooni. Kila muhula ni yale yale. Kikundi cha watu watano au sita kinapewa kazi ya kutengeneza filamu fupi ya katuni, siku ya kuonyesha inafika, na kinacholetwa ni sekunde ishirini zenye rangi, sekunde arobaini za penseli tupu, na skrini nyeusi iliyoandikwa "shoti bado", yaani kipande hicho cha filamu hakijachorwa. Halafu lawama zote wanaangushiwa wachoraji, eti ni wavivu. Fungueni folda zao muone: mamia ya michoro iliyotupwa, mingine imeshapakwa rangi kabisa. Waliifanya kazi, tena usiku. Aliyewapotezea ni muongozaji aliyewaacha waanze kuchora kabla hajafunga animatiki, yaani rasimu ya filamu nzima iliyopangwa kwa muda wake, kwa hiyo hajui hata filamu yake ina urefu gani.

Tuanze na hesabu, maana hakuna anayeipiga. Sekunde moja ni fremu 24, yaani picha 24 zinazopita mfululizo. Ukienda kwa mwendo wa kawaida, ambapo kila mchoro unakaa fremu mbili, unahitaji michoro 12 kwa sekunde. Filamu ya sekunde 90 yenye mhusika mmoja anayesogea muda wote inakula michoro 1,080. Na kila mchoro unapita hatua tatu: rasimu, kusafisha laini, kupaka rangi. Weka dakika 20, 15 na 10. Hapo bado nawahurumia wanafunzi. Ni dakika 45 kwa mchoro, saa 810 kwa filamu nzima.

Sasa chukua muhula wa wiki 15. Toa 5 za mipango, toa 3 za kumalizia, zinabaki 7. Wahuishaji (wachoraji wa mwendo) wanne wakipata saa 15 kila mmoja kwa wiki nje ya vipindi, jumla ni saa 420. Saa hizo zinatoa michoro 560, yaani sekunde 46 na ushee. Na muongozaji amesimama mbele ya darasa akaahidi dakika tatu zenye wahusika wanne na vita ya mwisho! Hiyo filamu ilishakufa siku alipoahidi, na hakuna hata mmoja aliyemwambia.

Hesabu hiyo haimaanishi filamu lazima iwe ya sekunde 46. Inamaanisha mwendo unapangwa kwa bajeti. Mhusika anayesikiliza anaweza kutulia huku macho tu yakipepesa. Mzunguko wa matembezi wa michoro 12 unajirudia, kwa hiyo unabeba shoti ya sekunde nne bila kuongeza mchoro hata mmoja, mandhari ndiyo inayoteleza nyuma. Shoti ya mlango unaofunguliwa haihitaji mtu aonekane mwili mzima. Haya yote yanaamuliwa kwenye storibodi, yaani picha za kupanga filamu shoti kwa shoti, na mwenye jukumu la kuyaamua ni muongozaji. Ukiyagundua wiki ya 11 umechelewa.

Ndiyo maana napigia kelele animatiki. Unachukua picha za storibodi, unazipanga kwenye mstari wa muda kwa urefu halisi wa kila shoti, unaweka sauti za muda hata kama umezirekodi kwa simu, halafu unaicheza mwanzo mwisho bila kusimama. Waonyeshe watu watatu ambao hawajui hadithi. Usiwaelezee chochote. Waambie wakusimulie walichoona. Wakishindwa kusema nani anataka nini, rudi ukatengeneze. Ukikuta una shoti mbili zinazosema jambo lile lile, kata moja. Ikishaeleweka, ifunge: urefu wa kila shoti kwa fremu unaandikwa kwenye jedwali, na kuanzia siku hiyo hakuna shoti mpya.

Tofauti ya gharama ndiyo inayonipandisha hasira. Kubadilisha shoti ya sekunde tatu kwenye animatiki ni kuchora upya picha mbili tatu, nusu saa imetosha. Shoti hiyo hiyo ikishapakwa rangi ni michoro 36, saa 27 za mtu. Muongozaji anayeamka wiki ya tisa na kusema "nimepata mwisho mzuri zaidi" anachoma wiki mbili za mwenzake kwa sentensi moja. Na mara nyingi mwenzake ni yule mkimya asiyejua kubisha.

Kosa la pili: kumaliza shoti moja moja. Utaona kikundi kimeng'arisha shoti ya kwanza mpaka vivuli vya kope, na shoti ya kumi haina hata mstari. Filamu nzima inatakiwa iwe ya rasimu kwanza, pozi kuu za kila shoti, kabla mtu hajagusa laini safi. Kila wiki, siku ile ile, toleo jipya la kila shoti linachomekwa ndani ya animatiki mahali pake na kikundi chote kinaitazama kwa pamoja. Mapengo yanajionyesha yenyewe. Asiyeleta kazi anaonekana wiki ya pili, si wiki ya kumi na nne. Na kama muda utaisha, utakuwa na filamu inayoeleweka yenye shoti kadhaa zisizo na rangi. Hiyo inaonyeshwa mbele ya watu. Kipande kizuri kisicho na mwisho hakionyeshwi.

Kosa la tatu, mhusika anabadilika sura kila shoti. Kichwa kinakua, pua inahama, kanzu ya kijani inakuwa ya kijani nyingine. Wachoraji hawana hatia, walipewa picha moja ya mbele na wakaambiwa wakachore. Karatasi ya mhusika inahitaji mbele, robo tatu (amegeuka kidogo), ubavu na nyuma, vyote kwenye mistari ile ile ya kimo, urefu umehesabiwa kwa vichwa, unene wa laini kwa pikseli, na rangi kwa namba zake, si "kijani ya jani". Kisha rasimu gawa kwa shoti, lakini kusafisha laini gawa kwa mhusika. Mtu mmoja asafishe mhusika mmoja filamu nzima. Hapo tu nusu ya matatizo ya sura yanaisha.

Shoti zinazofuatana mpe mhuishaji mmoja. Mkono ukianza kunyanyuka shoti 030 na kumalizia 040, watu wawili wasiozungumza watakupa mkono unaoruka.

Majina ya faili nayo! Namba zipande kwa kumi kumi, 010, 020, 030, ili ikilazimu kuingiza kitu kabla animatiki haijafungwa iwe 015 bila kubadili namba za nyuma. Jina liwe na shoti, hatua na toleo: sh030_rasimu_v004. Anayehifadhi kazi kwa jina "mpya2" anasababisha mtu mwingine apake rangi toleo la zamani, na hilo hutokea hasa siku za mwisho ambapo hakuna muda wa kurudia.

Wakufunzi nao wasijifiche. Mnatoa alama zote kwa filamu iliyokamilika, halafu mnashangaa kwa nini wanafunzi wanaruka mipango. Animatiki ipewe theluthi ya alama. Ikaguliwe wiki ya tano, na kikundi ambacho hakijafunga kisiruhusiwe kuanza kuhuisha. Mkufunzi anayeona storibodi ya dakika tatu na kusaini bila kuuliza "michoro mingapi?" hajasimamia chochote.

Nawasilisha. Ila msiniambie habari za vipaji, vipaji vipo tele.

Jibu la 2

Naunga mkono, na naongeza upande wa sauti, ambao mkuu umeupitia juu juu na huko ndiko aibu kubwa iliko. Watu wanachora midomo kwanza, sauti wanarekodi wiki ya mwisho. Huo ni wendawazimu. Mazungumzo yanarekodiwa kabla ya kuhuisha, faili la sauti la WAV la 48 kHz, kwenye chumba chenye mapazia au nguo nyingi ili kisirudishe mwangwi. Kisha unayapasua kwenye jedwali fremu kwa fremu: herufi gani inaanza fremu ngapi. M, B na P zinataka mdomo uliofungwa kabisa kwa angalau fremu mbili, vinginevyo jicho halioni. Mdomo utangulie sauti fremu moja au mbili, usichelewe kamwe.

Kasi ya fremu ikubaliwe siku ya kwanza na iandikwe juu ya jedwali kwa herufi kubwa. Dakika moja iliyohuishwa kwa 24 ni fremu 1,440. Mhariri akizisoma kwa 25 zinaisha sekunde ya 57.6, wakati sauti inaendelea hadi 60. Mwanzoni huoni kitu, mwishoni mhusika ameshafunga mdomo na bado anaongea. Kikundi kinahangaika kusogeza sauti kipande kipande usiku kucha, kumbe tatizo ni mpangilio mmoja wa mradi.

Na video za simu mnazochukua kama mfano wa mwendo, nyingi kasi yake ya fremu inapanda na kushuka. Zigeuzeni kuwa 24 thabiti kabla ya kuzitumia.

Jibu la 3

Wanaofanya 3D nao wapo kwenye kaburi hilo hilo, wanazikwa upande mwingine tu. Wao hawapigi hesabu ya kurenda, yaani muda wa kompyuta kutengeneza picha za mwisho. Fremu 1,440 kwa dakika 8 kila moja ni dakika 11,520, yaani saa 192, siku nane za kompyuta moja isiyozimwa. Mna siku tatu? Basi mnahitaji mashine tatu au mpunguze kila fremu iwe chini ya dakika tatu. Jaribu fremu tano kutoka shoti nzito kuliko zote mapema, taa zikishawekwa, usikadirie kwa shoti nyepesi.

Na renda kwa mfululizo wa picha za PNG, kila fremu faili lake. Anayerenda moja kwa moja kuwa video moja ya MP4, umeme ukikatika fremu ya 300 anaanza upya. Mwenye PNG anaendelea na 301.

Sehemu za waridi kali kwenye Blender (programu ya 3D) zinamaanisha picha za uso wa kitu hazionekani zilipo, kwa sababu njia ya faili inaanzia kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Tumieni njia zinazoanzia kwenye folda ya mradi, na folda hiyo iwe na mpangilio ule ule kwa kila mwanakikundi. Na toleo la programu liwe moja kwa wote. Faili lililohifadhiwa kwenye toleo jipya likifunguliwa kwenye la zamani linaweza kupoteza vitu bila wewe kugundua mpaka uone kwenye skrini kubwa.

Jibu la 4

Mkuu, napinga kidogo. Kufunga kila kitu wiki ya tano kunaua ubunifu. Uigizaji mzuri unapatikana wakati wa kuchora. Mhuishaji akigundua ishara bora ya mkono, umwambie hapana kwa sababu ya jedwali?

Mleta uzi

Hapana, na nafurahi umeuliza. Kinachofungwa ni idadi ya shoti, mpangilio wake, na urefu wa kila shoti. Ndani ya fremu zake 72 mhuishaji yuko huru kabisa, abadilishe ishara, ainamishe mgongo, ashushe macho. Mpe fremu 8 za ziada kila upande ili mhariri apate pa kukata. Muongozaji mwenye akili anampa mhuishaji maelezo ya nia, "hapa anaficha aibu", kisha anamwachia njia. Anayeharibu ubunifu ni yule anayebadilisha shoti ambayo mtu ameshaigiza vizuri.

Na likitokea jambo linalolazimu kubadilisha urefu, kuna njia ya haki. Ukiongeza fremu 40 sehemu moja, unaonyesha unazitoa wapi. Jumla haipandi.

Kabla sijasahau, weka pia daraja kwenye jedwali: A ni shoti ambazo hadithi haiendi bila hizo, B zinaweza kupunguzwa mwendo, C zinaweza kukatwa. Liandike siku ya kufunga animatiki, watu wakiwa wametulia. Kikundi kinachoanza kubishana nani akatwe shoti yake siku nne kabla ya kukabidhi kinavunjika kwa maneno, na hakipatani tena.

Jibu la 5

Nauliza: sisi tumefuata karibu yote hayo, ila wahusika wetu wana ukingo mweusi mwembamba tukiwaweka juu ya mandhari. Kwenye programu ya kuchora hauonekani. Tunakabidhi baada ya siku sita.

Jibu la 3

Huo ni uwazi wa leya, yaani kiasi ambacho tabaka la picha linaonyesha kilicho nyuma yake. Mhusika wako ametolewa rangi zikiwa zimeshazidishwa na uwazi juu ya nyeusi, na programu ya kuunganisha inazisoma kama hazijazidishwa. Msichore upya wala msifute ukingo kwa mkono, tafadhali. Chagua faili la mhusika ndani ya programu ya kuunganisha, tafuta mpangilio wa namna ya kusoma uwazi, badilisha uende aina ya pili. Jaribu kwenye shoti moja juu ya mandhari nyeupe na tena juu ya nyeusi. Ukingo ukitoweka kote, tumia mpangilio huo huo kwa shoti zote.

Mleta uzi

Na siku sita hizo zigaweni leo. Mbili za kuunganisha leya, moja ya kuchanganya sauti, moja ya kutoa faili na kulitazama lote kwenye kifaa kile kile cha kuonyeshea. Mbili zibaki tupu kwa yatakayoharibika. Mchoro mpya usipokelewe tena, hata kama ni wa muongozaji.