Mboga za kienyeji ndani ya besimenti: nichukue taa ya sodiamu ya bure au ninunue LED?

MamaMoraa (Brooklyn Park, Minnesota)

Habari za jioni wapendwa. Naomba msaada wa wale wanaopanda mboga ndani ya nyumba wakati wa baridi.

Hapa kwetu ardhi inaganda, na mwezi wa Desemba jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi na kufikia saa kumi na nusu jioni limeshazama. Mama mkwe wangu anaishi nasi, na kwake ugali bila saga au managu si chakula. Za dukani ni zile za friza, zimeshapoteza ladha. Kwa hiyo niliweka meza ya futi 4 kwa 4 kule besimenti, nikaning'iniza tyubu nne za fluoresenti za wati 32 kila moja, nikapanda sukuma wiki, managu, saga, mchicha na dania. Taa naziwasha nikirudi kazini saa kumi na moja jioni, nazima saa tano usiku tunapolala.

Dania inajikokota lakini inakuja. Sukuma ina majani madogo. Saga imetoa vikonyo virefu vyembamba, ikifika urefu wa kiganja inalala chini. Mchicha ndio ulinivunja moyo zaidi: ulitoa maua ukiwa bado mfupi kabisa, hata majani ya kuchuma hakuna.

Sasa kuna jirani anahamia Texas, anataka kunipa bure taa yake ya sodiamu (zile za mwanga wa chungwa) ya wati 400 pamoja na balasta (kifaa cha kudhibiti umeme wa taa) na kofia yake. Baba Moraa anasema cha bure hakikataliwi. Kijana wangu anasema ninunue LED. Nimeangalia mtandaoni, kuna moja imeandikwa "wati 1000" kwa dola 60, na nyingine ya wati 200 kwa dola 180. Sielewi kwa nini yenye wati chache ni ghali hivyo.

Ni ipi itanipa mboga? Na je, ni salama? Nina mtoto wa miaka mitatu anayeshuka huko chini kila mara.

Juma_Turku

Salamu kutoka Ufini, dada. Mimi nimeotesha pilipili na nyanya chini ya sodiamu kwa miaka mingi na zimezaa vizuri. Mwanga wake ni mkali na unapasha joto, jambo ambalo kwenye besimenti ya baridi ni faida kubwa. LED niliyowahi kuwa nayo ilikuwa ile ya rangi ya zambarau. Miche ilibaki mifupi, imekakamaa, na chumba kizima kikawa kinaumiza macho. Chukua hiyo ya jirani. Pesa yako nunulia mbolea na udongo mzuri.

Karanja_Vioo (Leamington, Ontario)

Mama Moraa, habari ya huko. Taa hizi ndizo kazi yangu, kwa hiyo nivumilie nikiandika kwa urefu. Nilianzia Naivasha kwenye mashamba ya maua, sasa niko huku Ontario kwenye nyumba za vioo za nyanya na matango. Usiku wa baridi ukitazama juu hapa Leamington, mawingu yana rangi ya chungwa upande wenye sodiamu na waridi upande wenye LED.

Ushauri wangu: iache hiyo ya sodiamu. Nunua ile ya wati 200, na ile iliyoandikwa "wati 1000" usiiguse. Lakini hata kabla hujanunua chochote, kuna jambo la saa za kuwasha ambalo unaweza kulirekebisha leo. Nitalifikia.

Tuanze na mwanga wenyewe. Jani halijui wati. Wati ni umeme unaoulipia. Jani linatumia fotoni, yaani chembe za mwanga, hasa zilizo kati ya nanomita 400 na 700, na swali la maana ni moja: kwa kila wati unayolipia, zinatoka fotoni ngapi? Tunazihesabu kwa maikromoli kwa sekunde. Tyubu kama zako zinatoa takriban 0.84 kwa kila wati. Sodiamu ya wati 400 ya aina ya zamani inatoa 1.1 hivi, na balasta inaongeza matumizi, hivyo kwenye soketi inavuta karibu wati 450. LED nyeupe nzuri ya siku hizi inatoa 2.5 na zaidi.

Sasa piga hesabu. Sodiamu ya jirani: wati 450, fotoni karibu maikromoli 500 kwa sekunde. LED ya wati 200: maikromoli 500 zilezile. Mboga zako hazitaona upungufu wowote. Bili ndiyo itakayoona. Ukiwasha saa 14 kwa siku, sodiamu inakula yuniti 6.3 na LED inakula 2.8. Kwa mwezi ni yuniti 189 kwa 84. Weka senti 16 kwa yuniti: dola 30 upande mmoja, dola 13 na nusu upande wa pili. Kuanzia Novemba hadi Aprili hiyo tofauti inafika karibu dola 100. Kwa misimu miwili taa ya bure imeshakugharimu kuliko ya kununua.

Ndugu Juma nakuheshimu, na ulichokiona ni cha kweli kwa wakati wake. Mwaka 2014 watafiti Nelson na Bugbee wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah walipima taa nyingi za mimea, wakakuta LED bora kabisa na sodiamu bora kabisa ziko sawa, 1.7 kwa kila wati, huku LED ikigharimu mara tano hadi kumi zaidi kwa mwanga uleule. Mkulima mwenye akili wakati huo alibaki na sodiamu. Tena ile sodiamu bora ni ya wati 1000, yenye ncha mbili na balasta ya elektroniki. Hizi za 400 za majumbani hazijawahi kufika hapo. Toka wakati ule ufanisi wa LED umepanda sana na bei imeshuka. Sodiamu imebaki palepale.

Na zile za zambarau zilitokana na wazo kwamba mmea unataka nyekundu na bluu peke yake. Mtafiti McCree alishaonyesha mwaka 1972, baada ya kupima mazao mengi, kwamba hata mwanga wa kijani jani linautumia vizuri. Kwa hiyo chukua nyeupe. Kuna sababu nyingine ambayo kwangu ni kubwa zaidi: chini ya zambarau, au chini ya chungwa la sodiamu, huwezi kuona ugonjwa. Managu yanapendwa sana na vidukari, na jani linaloanza kuwa njano kwa kukosa naitrojeni linafanana na jani zima. Chini ya taa nyeupe mama mkwe ataligundua kabla yako.

Kuhusu "wati 1000" kwa dola 60: wauzaji wengi wanaandika namba ya kulinganisha na taa za zamani, au jumla ya uwezo wa vidoto vyote vya mwanga vilivyo ndani ya taa, ambavyo haviwashwi kwa nguvu hiyo. Tafuta kwenye maelezo, mara nyingi kwa herufi ndogo, wati inazovuta kutoka kwenye soketi. Utakuta 100, pengine chini ya hapo. Mwuzaji anayeandika maikromoli kwa kila wati huyo ni wa kusikilizwa. Asiyeandika, mpite.

Sasa mchicha wako. Naivasha tulikuwa na hypericum, yale maua yenye vijitunda vyekundu yanayowekwa kwenye shada. Pale karibu na ikweta mchana ni saa 12 mwaka mzima, na hypericum inataka mchana mrefu ndipo ichanue. Kwa hiyo tuliwasha glopu usiku, mwanga hafifu tu, usiotosha kukuza chochote. Kazi yake ilikuwa kuudanganya mmea kwamba bado ni mchana. Mchicha uko kinyume. Aina nyingi za mchicha zikiona mchana mfupi zinakimbilia kutoa maua na mbegu. Wewe umeupa mchana wenye urefu wa saa sita tu. Mchicha ulifanya kile ambacho ungefanya shambani ukiona msimu unakwisha.

Saga nayo ni njaa tupu. Saga na mchicha ziko kundi moja na mahindi kwa namna zinavyotengeneza chakula, zinataka mwanga mkali. Tyubu zako nne zikigawanywa juu ya meza yote, kwa saa sita, zinakupa kama moli moja na nusu (moli ni maikromoli milioni moja) ya fotoni kwa kila mita ya mraba kwa siku. Sukuma inaanza kufurahi kwenye 12. LED ya wati 200 kwa saa 14 itakupa kama 15. Weka saga na mchicha katikati chini ya taa, managu na sukuma yafuate, dania pembeni kabisa.

Kwa hiyo leo hii: nunua taima ya kuchomeka kwenye soketi, weka saa 14 kwa siku, zishushe tyubu hadi kiganja kimoja juu ya majani, na kusanya vyungu vyote vikae chini yake badala ya kuvitawanya. Usiwashe saa 24 ukidhani unaharakisha. Mimea mingine, nyanya hasa, majani yanaharibika.

Usalama. Glopu ya sodiamu inachoma vibaya ikiguswa, tone la maji likiirukia ikiwa na moto kioo kinaweza kupasuka, na balasta inarusha umeme wa volti elfu kadhaa wakati wa kuiwasha. Kwa mtoto wa miaka mitatu, hilo peke yake lingetosha kwangu kusema hapana. LED nayo ifungwe kwa mnyororo imara, na mtoto asizoee kuikodolea macho. Jambo la mwisho: soketi za huko kwenu kwa kawaida ni volti 120 na ampia 15. Kama kuna hita ya wati 1500 kwenye waya huohuo, ukiongeza hata LED ya 200 utakuwa umekaribia kikomo, na swichi ya waya huo inaweza kuruka.

Juma_Turku

Karanja, asante kwa maelezo. Lakini joto hujaligusa. Huku kwetu joto la taa lilikuwa ndilo linaloshikilia chumba.

Karanja_Vioo

Kweli, na ni swali zuri. Umeme wote unaoingia kwenye taa mwishowe unakuwa joto ndani ya chumba, iwe sodiamu au LED. Wati 450 zinapasha kama hita ya wati 450. Mtu anayepasha nyumba kwa umeme anarudishiwa sehemu ya hasara yake, hilo nakubali. Minnesota nyumba nyingi zinapashwa kwa gesi, na gesi ni ya bei nafuu kuliko umeme.

Tofauti iko kwenye jani. Sodiamu inatupa mionzi ya joto moja kwa moja juu ya majani. Sisi tulipobadilisha safu za nyanya kwenda LED, tulilazimika kuongeza joto la mabomba, kwa sababu majani yalipoa na ukuaji ukapungua. Mama Moraa, hii inakuhusu: ukibadilisha, udongo utakauka polepole. Ukiendelea kumwagilia kwa mazoea, mizizi ya saga itaoza. Ingiza kidole kwanza. Na kama besimenti iko chini ya nyuzi 18 za Selsiasi, weka mkeka wa joto chini ya vyungu vya saga na mchicha. Sukuma haijali baridi.

MamaMoraa

Karanja, Mungu akubariki. Nimemsomea Baba Moraa ile hesabu ya dola 30 na 13, amenyamaza, kisha akaniuliza nitaagiza lini. Taima nimeshaweka. Je, LED niitundike juu kiasi gani, na nitajuaje kwamba mwanga unatosha bila kununua mashine ya kupimia?

Karanja_Vioo

Anza sentimita 45 juu ya majani. Pakua kwenye simu programu ya kupima mwanga kwa laksi (kipimo cha mwangaza), laza simu usawa wa majani ikitazama juu. Kwa LED nyeupe gawanya namba hiyo kwa 65, utapata maikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Unatafuta 300, kwa hiyo laksi kama 19,500. Simu si kipimo cha maabara, ila itakuonyesha pembe gani ya meza iko gizani. Majani ya juu yakijikunja au kupauka, pandisha taa. Vikonyo vikirefuka tena, ishushe.

Tatu_Ilala

Jamani, mimi niko Dar, ndani ya flati ambayo dirisha linatazama ukuta wa jirani. Nina maua ya kutambaa, yale yenye majani ya umbo la moyo. Nahitaji hizo taa za dola 180?

Karanja_Vioo

Hapana dada Tatu. Hayo yamezoea kivuli cha miti. Glopu ya kawaida ya LED ya wati 9, nyeupe, sentimita 25 juu yake, saa 12 kwa siku, inatosha. Chagua ya kurusha mwanga upande mmoja au ivalishe kofia, mwanga usipotee darini.

Kemunto_MN

Mama Moraa, ukizitoa hizo tyubu usizivunje wala kuzitupa kwenye pipa la taka, zina zebaki. Zirudishe kwenye boksi zikiwa nzima, uzipeleke kituo cha kaunti ya Hennepin hapo hapo Brooklyn Park, wanazipokea. Na usinunue nyingine za akiba: sheria ya jimbo imezuia kuuzwa kwa tyubu za aina hiyo tangu Januari 2026. Mbegu za saga zikikuishia, nipigie, ninazo za msimu uliopita.