Dari la chumba cha watoto lina joto na linanguruma usiku

Mama Ipyana
Wakuu habari zenu. Niko Uyole, na baridi ya Julai huku mnaijua. Sasa juzi nimepanda kiti chumba cha watoto, nikaweka kiganja darini juu ya kabati: pa vuguvugu, kama mfuniko wa hotipoti. Kwingine kote baridi. Usiku ukitega sikio unasikia mngurumo mdogo, kama friji la jirani. Nilidhani nyaya, fundi akazima meni swichi, sauti ikaendelea vilevile.

Wiki hii limetokea doa la rangi ya chai kwenye jipsamu, ukubwa wa kisosi, na mvua hatujaiona muda mrefu. Linanata. Sisimizi wameshapanga foleni. Asubuhi naokota nyuki wawili watatu wamekufa chini ya taa, ila nje sioni kundi popote. Baba Ipyana anataka kuziba matundu yote kwa simenti kisha apulize dawa ya mbu. Mama mkwe anasema tuwaache, ni baraka. Nifanyeje?

Kijana wa Igawilo
Dada, msizibe! Mimi niliziba. Walipokosa mlango wakashukia kwenye holda ya taa ya sebuleni, tunakunywa chai. Tulitoka na vikombe mkononi.

Mrina wa Mufindi
Kamwene mama. Hao ni nyuki, hela ya fundi umeme usiitoe tena. Joto hilo ni la watoto wao: mayai na mabuu huyatunza kwenye nyuzi 34 hadi 35, hata nje umande ugande. Kundi linaloning'inia mtini mara nyingi liko safarini, siku mbili tatu limeondoka. Hawa wako wameshajenga. Saa tano jua likiwaka, simama mbali kidogo uangalie chini ya bati na kwenye fishabodi. Utaona wanapishana kwenye tundu moja, hata la kidole tu.

Dawa ya mbu sikushauri kabisa. Watakaopona watashuka wakali. Na hata wakifa wote, asali imebaki haina wa kuipepea. Bati likipata jua nta inalegea, asali inamwagika kwenye godoro. Panya watakuja, nondo wa nta watakuja, na mwakani kundi jingine litafuata harufu ileile. Kuna nyumba Mafinga nimetoa nyuki mara tatu kwa sababu mwenye nyumba hataki dari lifunguliwe. Anaokoa ubao mmoja!

Kwa hiyo hamisha watoto chumba, muulize afisa nyuki wa halmashauri akuelekeze kwa mrina mwenye mavazi na bomba la moshi. Akija na mwenge wa moto mrudishe, kenchi za paini hazina msamaha. Masega yenye watoto yafungwe kwenye mzinga. Malkia akiingia, wengine watamfuata. Nta ikwanguliwe yote, paoshwe kwa sabuni. Hapo ndipo simenti ya mzee itafanya kazi.

Akiuma mmoja, kwangua mwiba kwa kucha haraka na uondoke hapo. Ule mwiba unatoa harufu kama ndizi mbivu, inawaita wenzake. Mtu akivimba midomo au akibanwa pumzi, hospitali saa hiyohiyo.

Kijana wa Igawilo
Na asali inalika?

Mrina wa Mufindi
Kama hamjapuliza sumu, inalika.

Mama Ipyana
Mrejesho. Mrina alikuja Jumamosi jioni. Tundu lilikuwa pembe ya fishabodi, nyuma ya bomba la maji ya mvua, ndiyo maana hatukuliona. Ubao uliposhushwa, masega saba yamesimama kama vitabu, la mwisho limekatika na kulalia jipsamu. Ndilo lililokuwa linavuja. Mbao mbili tumetupa, Baba Ipyana kaumwa sikioni, ndoo ya lita kumi imejaa zaidi ya nusu. Ndaga fijo, mrina.

Mama mkwe kaondoka na chupa mbili. Anasema yeye alishatuambia.