Nipo kikundi cha vijana kanisani lakini najiona mgeni. Niendelee au niache?

Kalamu_Kimya

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Nina miaka 16. Tulipohama, mama aliniandikisha kikundi cha vijana kanisani, akasema ni bora kuliko kushinda chumbani na simu. Tunakutana kila Jumamosi, kwa muda wa kama saa mbili hivi. Huu ni mwezi wa tatu na nimekosa mara mbili tu.

Niseme mapema kwamba hakuna anayeninyanyasa. Wananisalimia vizuri. Siku ya kwanza walinisimamisha mbele wakanipigia makofi. Tatizo lilianza baada ya yale makofi. Karibu wote wamekua pamoja tangu wakiwa darasa la watoto. Mtu akisema tu "ndoo!", ukumbi mzima unaangua kicheko. Ni kitu kilichotokea kambini mwaka juzi. Na mimi nacheka, wala sijui hiyo ndoo ilifanya nini. Kwenye grupu la WhatsApp niliuliza swali kuhusu somo, wote wakalisoma, nikajibiwa kwa dole gumba moja.

La pili ndilo linaloniuma zaidi. Wakati wa maombi wenzangu wanalia, wanainua mikono. Mimi nikifumba macho nawaza hesabu za shule. Siku moja nilijilazimisha nikainua mikono, nikajiona mwigizaji. Sasa najiuliza: kama siguswi, nafuata nini pale? Mungu au marafiki? Sijamwambia mama, najua ataumia.

Niendelee au niache?

Kigoda

Acha. Kanisa si gereza.

Mama_Wawili

Marahaba mwanangu. Usiache bado. Na wewe Kigoda, mtoto kaandika aya nne unamjibu kwa maneno manne?

MleziMstaafu

Marahaba kijana. Nimelea vijana kanisani miaka tisa, kwa hiyo niruhusu niungame kwanza.

Sisi walezi tunajua sana kumpokea mtu wiki ya kwanza. Makofi, wimbo wa kukaribisha, jina linaandikwa daftarini. Wiki ya pili hatuna mpango wowote. Tunadhani mgeni ataingia mwenyewe, kama maji yanavyojipenyeza mchangani. Kuna kijana alikaa kwetu karibu nusu mwaka kisha akapotea. Nilikuja kukutana na mama yake njiani, nikataka kumuulizia mwanawe, jina likanikimbia. Alikuwa kwenye daftari langu! Basi usidhani ule ukimya baada ya makofi unatokana na kasoro yako. Mara nyingi ni uvivu wa sisi tunaopanga viti.

Kuhusu maombi, rudi kwa Tomaso, Yohana sura ya 20. Watu wanamkumbuka kwa shaka yake wanaishia hapo. Lakini angalia siku. Wenzake wanamwambia wamemwona Bwana, yeye anakataa katakata. Yesu anawatokea tena baada ya siku nane, na Tomaso yumo ndani pamoja nao. Siku nane amekaa na watu waliojaa furaha ambayo yeye hana. Hawakumfukuza, naye hakujifanya. Kwangu mimi hizo siku nane zina uzito kuliko ile shaka, na nadhani wewe sasa uko ndani yake.

Kutolia si dhambi. Ila kuinua mikono ili uonekane, hilo liache, litakuchosha.

HesabuNdogo

Mimi si mtu wa dini sana, nina hesabu tu. Mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Kansas, Jeffrey Hall, alichunguza inachukua muda gani watu kuwa marafiki. Utafiti ulitoka 2018. Alikuta kwamba kutoka kufahamiana tu hadi urafiki wa kawaida ni kama saa 50 za kuwa pamoja, na rafiki wa karibu hasa anaanzia saa 200 na kuendelea.

Sasa wewe: miezi mitatu, saa mbili kwa wiki, toa mara mbili ulizokosa. Una kama saa 20. Tena saa gani? Za kukaa kwenye safu mnatazama mbele. Zinazojenga urafiki zaidi ni zile za kupiga stori bila ratiba. Ukihesabu hizo tu, nadhani hujafikisha hata tatu. Wenzako wana maelfu, wamelala kambi moja. Unajilinganisha na watu walioanza mbio miaka kumi kabla yako.

Nyumba_ya_Sala

Nasikitika kuona mnamfundisha mtoto kutafuta kampani. Kanisani tunakwenda kwa ajili ya Mungu. Marafiki wapo shuleni. Kijana, funga na uombe, utaguswa.

MleziMstaafu

Nyumba_ya_Sala, nakuheshimu, lakini hapo tunatofautiana. Kile chama cha vijana Wakristo, YMCA, kilianza London mwaka 1844. Mwanzilishi wake, George Williams, alikuwa na miaka 22, mfanyakazi wa duka la vitambaa. Yeye na wenzake walikuwa vijana walio mbali na kwao, kazi ndefu, mji mgumu. Walikutana kusoma Biblia na kuomba, ndiyo, lakini pia kwa sababu kila mmoja alihitaji mwenzake. Yale mambo mawili walikuwa nayo chumba kimoja. Kumwambia mtoto wa miaka 16 achague moja ni kumtwisha mzigo ambao hata sisi watu wazima hatuubebi.

Nyumba_ya_Sala

Sawa mlezi, nimekusikia. Bado nasema aombe.

SafuYaNyuma

Assalaam alaykum. Mimi ni Muislamu, lakini nimesoma nikaona kama umeandika maisha yangu.

Nilipokuwa na umri wako nilikuwa nahudhuria darsa ya vijana msikitini. Swala inatupanga bega kwa bega, huwezi kukaribiana na mtu zaidi ya hapo. Kisha natoa salamu kulia na kushoto: wa kulia simjui jina, wa kushoto simjui jina. Tunasimama, kila mtu anatafuta viatu vyake. Mwaka mzima nilikuwa hivyo.

Tena mimi walinipa jina, "Mgeni". Mzaha tu, walisema. Siku moja ustadhi akawa anasomesha Suratul Hujurat, akafika aya ya 11, ile inayokataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Hakumtazama mtu. Yule aliyeanzisha lile jina alinisubiri nje mlangoni. Hakuomba radhi, alikuwa mtu wa aibu. Aliniuliza tu naelekea wapi, kumbe njia yetu ilikuwa moja. Tukatembea. Kila darsa ikawa hivyo. Nikisema ukweli, mengi ya ile darsa nimeyasahau. Ile njia ya kurudi nyumbani naikumbuka nyumba kwa nyumba.

Ushauri wangu ni mdogo: usiondoke wa kwanza.

FundiNyaya

SafuYaNyuma kanimalizia. Mdogo wangu, mimi sijui kuimba, sijui kuomba kwa sauti, na nikisimama mbele za watu nasahau hata jina langu. Lakini kila kipindi kikiisha nyaya lazima zikunjwe, spika zirudi stoo, viti vipangwe. Watu hawapendi kazi hiyo. Nenda kwa anayekunja nyaya, usimuulize "naomba kujiunga na kitengo". Shika waya upande wa pili uanze kukunja. Atakusema kwamba unakunja vibaya, maana wote tunakunja vibaya mwanzoni: waya unafuata mzunguko wake wenyewe, ukiuzungusha kwenye kiwiko unaupinda hadi unakatika kwa ndani. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanzia. Ni rahisi kuongea na mtu mikono ikiwa na kazi, macho yakiwa chini.

HesabuNdogo, saa zangu 50 nilizipata stoo.

DadaMkubwa

Naongeza jambo moja ambalo wengi wanaona aibu kulisema. Mtu anayetamani sana kukubalika ni rahisi kuvutwa. Kukitokea mtu mzima pale anayekuandikia faraghani usiku, anataka mkutane wawili tu, au anasema "hili tusimwambie mama", mwambie mama siku hiyohiyo, hata kama mtu huyo anaomba vizuri kuliko wote. Na kikundi kikianza kukukataza marafiki wa nje au ndugu zako, hapo ondoka, wala usituulize. Sijasoma dalili hizo kwenye ulichoandika. Nasema tu uzijue.

Halafu hilo la mama. Unadhani ataumia ukimwambia huguswi. Mimi nilimwambia wangu nikiwa na 17. Akanyamaza, kisha akaniambia kuna miaka miwili mizima yeye alikuwa anaimba kwaya bila kusikia chochote moyoni. Sikuwa najua.

Kigoda

Nami nirekebishe. Sikusema aache Mungu. Nilisema aache kujitesa. Mimi niliondoka kikundi changu nikapata kingine kidogo, watu saba, wa kujifunza Biblia, hakuna spika hata moja. Nimekaa huko hadi leo. Si kila mlango unamfaa kila mtu.

Mama_Wawili

Haya, sasa hilo ndilo jibu. Ungeanza nalo.

Kalamu_Kimya

Wakubwa, asanteni. Nilichelewa kurudi kwa sababu nilisubiri Jumamosi ipite.

Nilibaki. Nikamfuata kaka mmoja wa mitambo, nikashika waya. FundiNyaya, ni kweli, niliuzungusha kwenye kiwiko na nikafokewa. Muda wote aliniita kwa jina la mtu mwingine, sikumsahihisha, hadi dada mmoja aliyekuwa anapanga viti akamwambia. Aliona aibu sana. Ameniambia niende Ijumaa kwenye mazoezi ya kwaya, wanakosa mtu wa kukaa kwenye miksa, yeye akicheza kinanda hawezi kufanya yote mawili.

Nikauliza ya ndoo. Walinisimulia watatu kwa pamoja, kila mmoja anamkatiza mwenzake. Ni stori ya mlezi, giza na ndoo ya maji ya kudekia. Kusema kweli haichekeshi kiasi hicho. Lakini yule kaka alishindwa kuimaliza, akakaa chini juu ya spika, ndipo nikacheka.

Kwenye maombi niliwaza hesabu tena. Mikono niliiacha chini. Mama bado sijamwambia. DadaMkubwa, ulianza vipi? Ulimwambia mkiwa wapi?

DadaMkubwa

Tulikuwa tunakunja nguo. Nilisubiri hadi tukafika kwenye shuka, maana shuka huwezi kuiacha upande wako ukaondoka.