Naomba ushauri: vijana wakubwa wa kituo wanatukwepa

Habari wakuu. Sisi ni wanafunzi wa chuo hapa Morogoro. Kila Jumamosi tunakwenda makao ya watoto wa kiume kufundisha hesabu na Kiingereza, kisha mpira. Wadogo hawana shida, wanatusubiri getini. Kazi ipo kwa wale wa miaka 15 kwenda juu: darasani hawaonekani, na wakishatuzoea wanaomba namba za simu na hela ya vocha. Mlezi amekataza tusitoe, na afisa ustawi naye kasema hivyohivyo. Sawa, ila tuwaambieje bila kuwavunja moyo? Nahisi wangependa ufundi kuliko ubao. Fundi umeme au seremala wa kujitolea hupatikanaje? Halafu Julai tunatawanyika kwenda fildi (mafunzo kwa vitendo). Mliowahi kupanga zamu za likizo, mlifanyaje?