Sakafu ya kuelea au marumaru, dirisha la slaidi au la kufungua nje? Nyumba ipo Kigamboni

Jirani wa Bahari
Wakuu, habari za leo. Nyumba yangu ni ya vyumba vitatu, tumeshapaua na plasta ya ndani imekwisha. Zimebaki sakafu na madirisha. Fundi anataka marumaru nyumba nzima na aluminiamu ya slaidi. Mke wangu amependa sakafu ya kuelea, ile ya vipande vinavyoshikana kwa meno bila kugundishwa wala kupigwa misumari, angalau vyumbani. Mimi navutiwa na madirisha ya kufungua nje. Naomba mnilinganishie kwa hali ya hewa ya huku Pwani.

FundiVioo
Mkuu, anza na madirisha, kwa sababu maji na jua vitakavyoifikia sakafu yako vinapitia hapo. Slaidi ya vioo viwili hufunguka nusu tu. Kwa joto la Dar nusu ile iliyozibwa utaitamani kila usiku. La kufungua nje hufunguka lote, na likifungwa hubana kwenye mpira, hivyo mvua ya masika inayokuja na upepo haipenyi kirahisi.

Slaidi maji yake hukusanyika kwenye reli ya chini na kutoka nje kwa matundu madogo. Kagua matundu hayo kabla hujalipa! Kuna madirisha hayatobolewi kabisa, na mengine mpaka rangi huyaziba. Reli ikijaa, maji yanamwagikia chumbani.

La kufungua nje lina shida moja kubwa: grili na wavu wa mbu lazima vikae ndani, kwa hiyo panga mapema mkono utapita wapi kufikia komeo. Na kwa kuwa upo karibu na chumvi, dai skrubu na bawaba za stenlesi.

Nyundo
Kaka, sakafu za kuelea zipo za aina mbili na madukani huchanganywa. Lamineti ndani yake ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Maji yakiingia kwenye maungio, kingo zinavimba na hazirudi tena, na mchwa nao wanaila. Ya pili ni SPC, unga wa chokaa uliochanganywa na plastiki, unene wa milimita 4 hadi 6 hivi. Hiyo haivimbi kwa maji na mchwa hana cha kula. Kwa Kigamboni lamineti ningeiacha kabisa.

Lakini pima unyevu wa zege kwanza. Bandika kipande cha nailoni sakafuni, zungushia selotepu pande zote, kiache usiku kucha na mchana wake. Ukikuta matone chini yake au zege limekuwa jeusi, subiri. Na hata likikauka, tandika nailoni kabla ya ile sponji nyembamba inayolala chini ya sakafu ya kuelea.

Mama Salha
Mimi nipo Tanga na namuunga mkono fundi wako. Sakafu za huku tunazideki kwa maji ya ndoo, watoto wanaingia na mchanga miguuni, wageni wanakaa chini kwenye mkeka. Marumaru inavumilia yote hayo, na ubaridi wake mchana ni raha. Hiyo SPC haivimbi, sawa, ila maji yakishapita kwenye maungio yanakaa chini yake na yatanuka. Chagua tu marumaru yenye mkwaruzo, isiyoteleza, hasa jikoni na barazani.

Kijenge_AR
Dada, kwa Pwani una haki. Huku Arusha mwezi wa 6 na wa 7 marumaru ya chumbani asubuhi haikanyagiki bila ndala.

Jirani wa Bahari
Asanteni sana. Chumba kikubwa kinatazama magharibi na dirisha lake ni pana. Kuna tatizo kwa SPC? Na kabati la nguo la kujengea likae juu yake?

Nyundo
Kabati hapana, mkuu. Sakafu ya kuelea hutanuka na kusinyaa ikiwa kipande kimoja chumba kizima. Ukiibana kwa kabati zito upande mmoja, itafumuka au kuachana upande mwingine. Jenga kabati kwanza, sakafu iishie mbele yake. Kandokando ya kuta acha nafasi ya milimita 8 hadi 10, ifunikwe na sketi (ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta), na sketi ipigwe ukutani, isipigwe sakafuni.

Jua la jioni kupitia kioo ndilo adui mkubwa wa SPC. Nafasi ile ya ukutani ikiwa ndogo, inanyanyuka katikati.

Jambo jingine: marumaru pamoja na udongo wake wa saruji wa kuibandikia inakula kimo kikubwa kuliko SPC na sponji yake. Ukitaka sebule marumaru na vyumba SPC, zege la vyumbani lisawazishwe juu zaidi sasa hivi, kabla milango haijakatwa. Wengi hukumbuka hili milango ikiwa imeshapachikwa.

FundiVioo
Kwa dirisha la magharibi usitegemee upenu wa paa. Jua la saa 10 na 11 jioni linakuja chini, linapita chini ya upenu huo. Weka luva za nje au panda mti. Pazia linaokoa sakafu, ila joto limeshaingia ndani.

Jirani wa Bahari
Basi nimeelewa. Marumaru sebuleni, jikoni na vyooni, SPC vyumbani baada ya zege kupimwa. Madirisha ya kufungua nje vyumbani, slaidi sebuleni penye grili ya nje. Chumba cha magharibi nitamshawishi mama watoto tuweke marumaru.

Mama Salha
Hapo sawa, mwanangu. Na kwa zote mbili, marumaru na SPC, nunua boksi moja la ziada la kila aina uliweke stoo. Ukirudi dukani baada ya miaka michache, rangi ile huipati.